Kaburi la Jirani Yetu wa Nyakisasa

Jirani yetu wa Nyakisasa alipojiua, hakupatikana mwanamume wa kumchimbia kaburi. Kwetu watu wanaamini kwamba anayemgusa marehemu wa namna hiyo anabeba balaa na kuipeleka nyumbani kwake. Wanaume walikuja, wakasimama barabarani wakiongea habari za mvua kwa sauti ya chini. Mjane alikuwa amekaa mlangoni peke yake tangu asubuhi.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Nyakahura, ninakofundisha shule ya msingi. Mama akaniambia, "Lete majembe mawili."

"Mama, wanawake hatuchimbi makaburi."

"Basi waambie wale wachimbe."

Akachukua jembe lake, akaenda. Mimi nikabaki kwenye migomba. Darasani huwa nawafundisha watoto maana ya ushujaa, wanaandika kwenye madaftari, nami nasahihisha. Siku ile miguu yangu ilikataa.

Nilimwona akichimba ule udongo wa mawe, kila mara akisimama kushika kiuno. Mjane akainuka, akaikaza kanga yake, akaungana naye. Shimo lilipowafika magotini, aibu ikanizidi hofu, nikaenda. Mama hakunisifu. Alinionyesha tu upande uliokuwa bado.

Jioni wazee wawili walitoka kule barabarani, wakasaidia kubeba mwili. Katekista wa kanisa letu hakutokea. Mama alianza Baba Yetu, akakwama katikati, mjane akaimalizia.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama hakuogopa.

"Nimeogopa tangu asubuhi, na sasa hivi naogopa," alisema. "Lakini angeozea mle ndani, mkewe akimtazama."

Tangu hapo, hapa kijijini hakuna anayenunua ndizi za Mama. Mbuzi wake wawili walipokufa, watu walisema ndiyo ile balaa tuliyoonywa. Shangazi akija kwetu hanywi hata maji. Mjane alirudi kwao Burundi bila kuaga. Mama hupeleka mikungu sokoni Benaco, ambako hawamjui, na kaburi lile hapiti karibu nalo akiwa peke yake. Huzunguka kwa njia ya mtoni.

Likizo iliyopita nilimuuliza: kama angejua yote haya, angechimba?

Alimenya ndizi tatu, nne, bila kunitazama.

"Ningechimba," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote.