Séphora Alivyompeleka Lusenge Musienene

Séphora ni mshonaji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, mjane. Mume wake, Salomon, alikuwa kati ya watu waliozika maiti wakati wa Ebola. Siku moja vijana walimpiga mawe mbele ya nyumba yake mpaka akafa. Séphora alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na aliitambua sauti ya mtu aliyewachochea. Ilikuwa ya jirani yao Lusenge, muuza mabati: "Ni huyu anatuletea kifo! Mumumalize!"

Hakuna aliyekamatwa. Séphora hakumwambia mtu. Alimsalimia Lusenge kila asubuhi, hata akamshonea binti yake gauni la harusi, huku moyoni akitafuta namna ya kumlipiza. Aliwaza moto, akawaza sumu. Vyote aliviona vidogo.

Mwaka jana Éphraïm, kiongozi wa kwaya ya parokia, alitangaza matembezi ya siku nzima. Upande wa Beni haukuwezekana kwa sababu ya mauaji ya waasi, kwa hiyo wangepanda vilima vya Musienene. Lusenge, mwenye sauti nene kuliko wote kwenye kwaya, alikuwa wa kwanza kukubali. Séphora, naye mwimbaji, akainuka.

"Mimi niliolewa kule. Njia yote naijua. Na chakula tutakula kwa mama mukwe wangu."

Walitoka alfajiri wakiimba, wakapita mikaratusi na mashamba ya maharagi. Kwenye kijito kilichofurika kwa mvua, daraja lilikuwa miti miwili tu, yenye utelezi. Lusenge aliogopa.

"Mama Séphora, unishike mukono."

Maji yalikuwa yanavuma chini yao. Kusukuma kidogo kungetosha. Lakini angekufa bila kujua kwa nini, na watu wangemlilia. Séphora alimshika kwa nguvu, akamvusha.

"Aksanti sana, mama. Mungu akubariki."

"Twende," akasema Séphora.

Mama yake Salomon, mzee Florentine, aliwapokea uani na viazi, sombe ya majani ya muhogo na kuku. Aliwanawisha wageni mikono yeye mwenyewe. Alipomaliza kumnawisha Lusenge, Séphora akasimama.

"Mama, huyu ndiye alitoa sauti siku ile Salomon alikufa. Nilimusikia na masikio yangu."

Watu wakaacha kula. Lusenge akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Lakini ile wakati kila mutu alikuwa anaogopa," akasema. "Mimi sikutupa jiwe. Nilisema tu."

"Ulisema nini?" Florentine akauliza.

Lusenge akanyoosha mkono achukue kiazi.

"Uko kwangu. Sema vile ulisema siku ile."

Akayasema maneno yake, akitazama sahani.

"Sisikii. Mutoto wangu ulimusema na sauti ya vile? Simama. Sema na nguvu."

Lusenge alimtazama Éphraïm, lakini Éphraïm akageuza uso. Basi akasimama, akayapaza maneno yale kwa sauti yake nene ya kwaya, mpaka majirani wakatoka mashambani na majembe mikononi kuuliza nani anauawa. Florentine akawaelezea kwa Kinande, lugha ya kwao, bila haraka, akimwonyesha kwa kidole. Kisha akachukua sahani ya Lusenge, akawamwagia kuku wa uani chakula chote.

"Sasa uende."

Akaenda peke yake, watu wakisimama pande mbili za njia kumtazama. Barabarani alisimamisha pikipiki, lakini habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna taximan aliyekubali kumbeba. Alirudi Butembo kwa miguu, mvua ikimnyeshea.

Séphora alikaa, akala mpaka akashiba. Ilikuwa miaka tangu ale hivyo.

Wiki zilizofuata, watu wa Musienene waliacha kununua mabati kwa Lusenge, na kwenye kwaya hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Mwishowe alifunga duka, akahamia Kasindi, mpakani, pamoja na familia yake. Padri alimwita Séphora, akamwuliza kama sasa ameweza kumsamehe.

"Hapana, mon père," alijibu. "Lakini sasa nalala."