Matairi Makubwa ya Kumfuata Bibi

Juzi, karibu na soko, nilimwona fundi akiifunga pikapu matairi makubwa, na harufu ya mpira mpya ikanirudisha utotoni, Mudende, kijijini kwa bibi.

Matope ya kule yalikuwa yameishinda pikapu ya baba mara mbili. Kwa hiyo alifunga matairi makubwa, tukapanda mlima kumchukua bibi, mama yake mama, aje atibiwe mjini. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya mimba. Safari hii tulifika mpaka mlangoni kwa bibi, nami nikapiga makofi.

Bibi aliinua mguu apande, haukufika; matairi yale yalikuwa yameiinua pikapu juu mno. Tulileta kigoda, kikazama kwenye matope. Nilimsukuma kwa nyuma kwa nguvu zangu zote. Akakohoa, akacheka, akarudi chini. Majirani wote walikuwa mashambani. Baba, aliyezoea kubeba gunia la viazi peke yake, alisimama tu, kofia mkononi.

"Baba, mubebe!" nikapiga kelele.

Hakusogea. Nilidhani anamchukia. Sikujua kwamba kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe wake, na kwamba hata bibi asingekubali.

"Mama, unisamehe," baba alisema, macho chini.

"Bon, mukwe wangu, hakuna shida. Mi nitakuja siku ingine."

Hakuja.

Tuliteremka bila yeye. Nyumbani mama alikuwa ametandika kitanda. Aliposikia gari alitoka polepole, mkono kiunoni, akaufungua mlango wa upande ambao bibi angekaa, akanikuta mimi.