Kobe wa Chumba cha Mgonjwa

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kila aliyemfahamu alimwita Fundi. Mwembamba, mkimya, vidole vimejaa alama za sindano, na alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni hata pale ambapo hana nguo mkononi. Mume wake alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Huyo wenzake walimbandika jina la Spika, kwa sababu hakuhitaji simu kumwita mtu aliye upande wa pili wa ghala. Alifungua mdomo tu. Jina hilo alilipenda, na alirudi nalo nyumbani kila jioni.

Spika hakuwa mtu wa kupiga. Majirani walimsifu kwa hilo, na Fundi mwenyewe, ndoa ikiwa bado changa, alijiona ana bahati. Lakini Spika akimuuliza mkewe jambo, alilijibu yeye mwenyewe kabla mkewe hajameza mate, kwa sauti nyembamba ya kumwigiza, na kama kuna wageni basi walishika mbavu. Kiti ambacho Fundi alikiweka dirishani kilihamishiwa mlangoni. Maua aliyoyapanda kwenye makopo yalitupwa, eti yanaleta mbu. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kilichokaa mahali alipokitaka yeye. Cherehani ndiyo peke yake, na hiyo ilikuwa kwenye kibanda chake cha kushonea, mtaa wa pili.

Binti yao alipoolewa na kuhamia mbali, aliacha makobe wawili wa majini, wadogo kama visosi, ndani ya beseni la plastiki. Fundi ndiye aliyebaki kuwalisha. Hakuwa na mapenzi nao hasa. Mapenzi yalimjia siku Spika alipomuua mmoja.

Ilikuwa siku ya mapumziko, wenzake wa ghalani wamekuja kumtembelea. Wakiwa wamekaa uani, Spika alimtoa kobe mmoja kwenye beseni, akampindua chali juu ya saruji, juani, akatangaza kwamba anataka kuona kama mnyama yule ana akili ya kujigeuza. Fundi akatokea jikoni na sinia la vinywaji, akainama amgeuze.

"Acha," Spika alisema. "Kaa hapo. Tuone kati yenu nani mwenye akili."

Wageni wakacheka. Fundi akakaa. Kobe alipiga miguu hewani, akapumzika, akapiga tena, na baada ya muda wanaume wakamsahau, wakahamia kwenye habari za mpira. Fundi alikaa na sinia tupu mapajani mpaka wageni walipoaga. Kobe alikuwa ameshakufa muda mrefu, na aliyeliona hilo ni yeye tu.

Yule aliyebaki alimhamishia kibandani, chini ya meza ya kukatia, akamlea humo miaka na miaka hadi akawa mkubwa kama sahani. Wateja walimzoea. Spika naye hakuwahi kuuliza beseni limekwenda wapi.

Kisha kiharusi kikampata. Alianguka mlangoni mwa bafu asubuhi moja akiwa katikati ya kufoka kuhusu taulo. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda kando, na katika maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja tu: basi. Akitaka maji, basi. Akiumwa, basi. Akikasirika, basi, kwa nguvu iliyomtoa mate. Daktari alimweleza Fundi kwamba asitishwe na hali hiyo, kwani akili ya mzee iko salama na anaelewa kila kitu.

"Kila kitu?" Fundi aliuliza.

"Kila kitu, mama."

Akashukuru sana.

Alimuuguza kwa namna ambayo mtaa mzima uliizungumzia. Alimgeuza kitandani kwa saa zake, akamwosha, akamkata kucha, akamlisha kijiko kwa kijiko bila kumharakisha. Hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Binti yao alipopiga simu alilia kwa shukrani. Wifi yake, mdogo wake Spika, mwenye duka la mapazia, aliyekuwa akija kila Jumapili na matunda, alisema hadharani kwamba kaka yake hakustahili mke kama yule, na watu wakadhani ni utani wa mawifi.

Fundi alipokwisha kuizoea kazi hiyo, alikwenda kwa fundi vioo na vipimo alivyovipima kwa utepe wake wa kushonea. Alitaka tangi refu, karibu upana wote wa chumba cha mgonjwa, la vioo vinene vilivyogandishwa kwa gundi ya silikoni, na chini yake meza ya chuma. Liliingizwa ndani na wanaume wanne. Kabla hawajaondoka aliwaomba msaada mmoja zaidi: wakigeuze kitanda. Mpaka siku hiyo Spika alikuwa akilala akitazama dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Watu walipita, wengine walimpungia mkono. Sasa dirisha likawa kisogoni, na tangi likawa mbele ya uso wake.

"Basi," Spika alisema.

"Eh, basi, hapo hapo panatosha," Fundi akawatafsiria wale wanaume, na wao wakaenda zao.

Mwanamke mmoja mnene, mcheshi, mwenye duka la samaki wa mapambo, ndiye aliyemwelekeza namna ya kulipanga. Alimwambia wengi hununua kokoto za rangi na mti wa plastiki, wakaona wamemaliza, kumbe kobe anataka mahali panapofanana na mtoni: pa kuogelea, pa kujificha, na pa kupanda akaote joto. Fundi akaanzia chini. Alitandika udongo wa mfinyanzi, akaufunika kwa mchanga wa mtoni alioukosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka meupe. Aliuinua mchanga upande mmoja ukawa kama ukingo. Alichemsha kisiki kikubwa kwenye sufuria la kufulia ili kitoe rangi na wadudu, akakisimamisha kichwa chake kije kitokeze juu ya maji. Mawe aliyapanga yakaacha pango, na kila jiwe alilisukuma kwa kiganja kuhakikisha haliwezi kumwangukia mnyama. Mimea ya majani magumu, ambayo kobe hawezi kuitafuna kirahisi, aliifunga kwenye kisiki kwa uzi wa nailoni, fundo dogo la kishonaji lisiloonekana. Maji aliyamimina taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani, yasije yakachimba.

Kazi hiyo yote aliifanya mbele ya mumewe, akiongea naye kwa upole. Alimweleza kila hatua. Alimwambia sasa tunaacha maji yakomae, kobe haingii leo wala wiki hii, lazima vijidudu vizuri vizaliwe kwanza kwenye chujio la pampu, la sivyo uchafu wake mwenyewe utamuua. Alimwuliza jiwe hili likae wapi, huku au kule. Spika akisema basi, yeye alijibu kwa niaba yake, kwa sauti nene kidogo: "Huku, mke wangu, huku pazuri." Akaliweka huku.

Na lazima isemwe kwamba alikuwa na furaha. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akikimbilia kule kabla ya kunawa uso, aone kama jani jipya limechomoza. Konokono wadogo walitokea wenyewe, hakujua wametoka wapi, akawashangilia kama wajukuu. Siku alipomleta kobe kutoka kibandani na kumtia majini, mnyama alizama, akatulia kwenye mchanga, kisha akanyoosha shingo na kuogelea toka pembe hadi pembe, yeye aliyeishi umri wake wote kwenye beseni. Fundi alikalia ukingo wa kitanda akalia. Kwa bahati mbaya au kwa makusudi, alikuwa ameukalia mkono wa mumewe, ule wenye uhai.

Taa ya joto iliwaka juu ya kisiki kutwa nzima, na mwanga wake ulimpiga Spika machoni. Pampu ilitiririsha maji bila kukoma. Mlio huo ulimfanyia Spika jambo ambalo mkewe alilitambua mapema: alishindwa kujizuia. Alilowesha mashuka mara nyingi kuliko zamani, mtu mzima, mwenye akili yake timamu. Fundi alibadilisha mashuka bila kununa. "Pole, mzee," alimwambia, "si kosa lako." Angeweza kupunguza pampu, ilikuwa na kitufe. Wageni wakija aliwaacha wasimame wastaajabie. Walisema kweli mapenzi yapo, mtu kumletea mgonjwa mto mzima chumbani. Spika alisema basi, basi, basi, machozi yakimtoka, na wageni nao wakafuta macho.

Wifi ndiye aliyeshtuka. Jumapili moja alibaki chumbani na kaka yake, akatoka akamkuta Fundi jikoni akikatakata mboga za kobe.

"Wifi," alisema, "yule anaposema basi, anamaanisha basi."

Fundi aliendelea kukata.

"Kigeuze kitanda, nakuomba. Tangi lile linamtesa."

"Mchukue," Fundi alimwambia. "Una chumba pale nyuma ya duka. Gari nitalitafuta mimi. Mchukue leo, umgeuze, umwoshe, umtazamishe huko unakotaka wewe."

Wifi alimtazama, kisha akaitazama sakafu. Alisema kwamba chumba kile kina marobota ya vitambaa. Fundi akasema anajua. Hawakulizungumza tena, na Jumapili iliyofuata wifi alikuja na matunda kama kawaida, akakaa sebuleni.

Hata hivyo Spika hakuwa amelala bure. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kujivuta kwa mkono wa kushoto na kukaa ukingoni mwa kitanda, na kila alipoondoka, Spika aliendelea peke yake. Fundi aliyaona mashuka yamevutwa, akadhani ni kutapatapa. Siku moja aliondoka kupeleka sare shuleni, akachelewa. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Mumewe alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, jasho linamchuruzika, chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kusafishia chombo chake cha mkojo, imelala tupu mapajani. Alikuwa amejivuta urefu wote wa kitanda na chupa kwenye meno. Maji yalikuwa meupe kama yaliyotiwa maziwa. Konokono walielea.

Kobe alikuwa amepanda kwenye kisiki, macho yamevimba yamefumba, povu puani. Fundi alimkimbiza kwenye bomba, akamsuuza, akamsuuza, akamfunika kwa kitambaa laini cha kola za shule. Mnyama alikufa kesho yake. Muda wote huo Spika alikuwa akitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki, tabasamu ambalo Fundi alikuwa hajaliona tangu enzi za wageni uani.

Mtaalamu wa mazoezi aliposikia mgonjwa ameweza kujivuta mpaka mwisho wa kitanda, alifurahi mno. Alisema ni maendeleo makubwa, akamshika Spika bega, akamwambia Fundi waongeze bidii.

Fundi aliongeza. Alimwaga kila kitu, mchanga, udongo, kisiki, akaosha vioo kwa maji ya moto mara nyingi mpaka harufu ikaisha. Akaanza upya, hatua kwa hatua, akielezea kwa sauti ile ile. Safari hii alisogeza meza ya chuma nyuma kidogo, mahali ambapo mkono haufiki, na chupa zote akazihamishia jikoni. Kwa mwenye duka la samaki alichukua makobe wawili wachanga. Mazoezi ya viungo aliyaahirisha. Alisema mzee anachoka.

Hapo Spika alipata la kufanya. Alifumba macho. Alifumba alipoamshwa, alifumba akilishwa, alifumba wifi alipomwita kwa jina la utotoni. Fundi aliketi kando yake na kumsimulia kinachotokea tangini, huyu amepanda juu ya mwenzake, yule ameng'oa mmea, ua dogo limechanua leo, na mwanaume akalala kama ubao, kope zimebanwa. Alipofikiwa na kifo, miezi mingi baadaye, alikuwa hivyo hivyo. Waliokuja kumlaza vizuri walisema amekwenda kwa amani.

Baada ya mazishi kila mtu alitegemea kwamba tangi litakuwa faraja ya mjane. Yeye mwenyewe alitegemea hivyo. Alikigeuza kitanda kielekee dirishani, akalala yeye, na tangi likabaki nyuma yake. Mwanzoni alilisafisha kwa mazoea, kisha akawa anaruka wiki. Vioo vikaota ukijani, majani yakafunikwa na utando, pampu ikaanza kukoroma naye hakuifungua kuitazama. Makobe walimfuata nyuma ya kioo kila alipopita, wakipiga miguu wapewe chakula, akawapa. Hakuketi.

Wifi alipokuja aliuliza kama anaumwa. Fundi alisema maji yanamchosha mikono, na shule zinakaribia kufunguliwa. Mwenye duka la samaki alipita na ndoo, akawachukua wale wawili, akalalamika kwamba mahali pazuri namna ile kupaacha kuharibika ni dhambi. Fundi alimfungulia mlango, akamshikia ndoo wakati anavaa viatu, akarudi kwenye meza ya kukatia, ambayo siku hizi ilikuwa sebuleni, na kuendelea na kola.