Kinyago cha Jando Sebuleni Overport

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nafanya usafi kwa madamu mmoja kule Overport, mtaa mmoja huko kwa Wazulu, na mimba yangu ilikuwa bado siri. Ya kwanza ilinitoka njiani, tukikimbia vita vya kwetu Kongo. Hii ya pili sikumwambia mtu ila mume wangu. Nilivaa vitenge vilegevu, na hata kanisani nilinyamaza, maana mdomo uliponza kichwa.

Madamu alitoka Ulaya. Alikuwa mpole, mikono imejaa shanga nyeupe na nyekundu kama za waganga wa Kizulu, ila yeye hakuna aliyemvisha, alizinunua sokoni. Kila Jumamosi mchana wenzake walikuja, wakavua viatu, wakalala kwenye mikeka wamefungwa vitambaa machoni. Yeye alipiga ngoma mpaka kila mmoja aone mnyama wake wa rohoni. Mmoja alirudi na tai, mwingine na chui. Muda wote niliokaa pale hakuna aliyerudi na kuku. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni nikiwachemshia chai. Niliona ni mchezo wa watu walioshiba.

Halafu asubuhi moja madamu akaniita sebuleni kwa furaha. Juu ya kochi alikuwa ametundika kinyago. Kimetoka kwenu, akasema, na akaitaja milima yetu. Muuzaji alimwambia ni cha jando.

Nilikuwa nimeshakitazama.

Kwetu, kinyago kile kikitoka, wanawake wote wanaingia ndani. Sisi tuliijua sauti yake tu. Mama alikuwa akinisukuma chini ya kitanda na kunifunika mkeka, na yeye mwenyewe analala kifudifudi. Mwanamke akikiona hazai, tuliambiwa, na mwenye mimba itatoka. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa kwenye maji mengi, lakini siku ile niliusahau ubatizo. Kitambaa cha vumbi kikanidondoka.

Kwa Kiingereza changu cha kuokota nilimweleza madamu kwamba wanawake hawakiangalii, kwamba naogopa. Nilidhani atakishusha. Akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. Hofu yangu ndiyo ushahidi, alisema: kinyago kiko hai, na kinaniita. Akanisihi Jumamosi nikae chini yake, ili wenzake nao waisikie nguvu ile. Nikamwuliza kama yeye haogopi. Akasema roho hazichagui mwanamume wala mwanamke. Alikuwa ameshazaa watatu, wote watu wazima. Hakuwa na cha kupoteza. Hofu yangu ilimfurahisha kuliko sakafu zote nilizompigia deki.

Niliondoka bila hata kuchukua aproni yangu.

Tulikuwa tunakaa South Beach, ghorofani, familia kadhaa katika fleti moja, tumetenganishwa kwa mapazia. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Clairwood, alikokuwa akipakua malori, anakula ugali. Nikamsimulia kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu wa kukejeli habari za uchawi, na nilichotaka ni acheke, mara moja tu, nami nipone. Akarudisha tonge kwenye sahani.

Alipita jando kule kule kwetu. Alijua kuna nini nyuma ya uso ule, na aliapa kutomwambia mwanamke yeyote. Anayeitoa siri ile anakufa. Hilo nalo tuliambiwa.

"Usirudi tena kule, mama," akasema.

"Na mimba?"

Akanawa mikono. Hilo lilinitisha kuliko kinyago.

Tangu hapo kila tumbo liliposokota nilikimbilia chooni kuangalia. Nililala nikiwa nimelishika tumbo kwa mikono miwili, nikiomba na huku naona yale macho ya kinyago. Na asubuhi moja, kabla mume wangu hajatoka kwenda kazini, nikaona damu. Ilikuwa kidogo tu. Nikaketi ukingoni mwa bafu, nikamwita.

Alifunga mlango, akafungulia bomba mpaka mwisho ili majirani wasisikie, akakaa sakafuni mbele yangu.

"Ile kitu iko muti tu, mama. Ni bijana banaivala. Na miye nilishaivala."

Mti wa kuchonga tu, huvaliwa na vijana, naye alishauvaa! Nikamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Akakunja ngumi, akaweka mdomo kwenye tundu lake, akavuta pumzi. Ikatoka ile sauti. Ile ile ya chini ya kitanda, ndogo tu, ndani ya mlio wa maji.

"Njo ile sauti uliogopaka," akasema. "Ni sisi batu."

Nililia, kisha nikacheka mpaka nikamshika bega nisianguke. Alinipeleka kliniki, nikaambiwa nilale, mtoto yupo. Damu haikurudi. Lakini asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilimwona akilifunga bomba mara mbili, kisha akatazama kama mlango bado umefungwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti kubwa. Hatukuzungumza tena habari ya asubuhi ile, hata kwa utani. Kwa mtoto sikuwa na hofu tena. Ila jioni, baba yake alipochelewa huko Clairwood kwenye malori, nilisimama dirishani naye mgongoni, nikimtazama kila anayeshuka kwenye teksi mpaka nimwone yeye.