Mama Alivyofunga Mlangoni pa Mdogo Wake

Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nikawa msomaji wake. Tulikuwa tunakaa ughaibuni, mtaa wa St. James Town, kabla simu hazijaanza kuwasomea watu vitabu. Jioni nikitoka kazini nilishika riwaya ya upelelezi niliyoiazima maktaba, nikapitisha macho kwenye Kiingereza na kumsimulia kwa Kiswahili.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Ireland ya kale, zama za watawa na wafalme wadogo wadogo. Mfua dhahabu kauawa, na mfalme anamficha muuaji. Mjane wa marehemu akaenda kuketi mlangoni pa mfalme, hali wala hanywi. Sheria yao ilisema mkubwa akila huku mtu aliyedhulumiwa naye amefunga mlangoni pake, heshima yake imekwisha.

Mama akanikatisha. "Hata mnyonge aliruhusiwa?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo ilikuwa silaha yake."

Yeye na mdogo wake, anayekaa Richmond Hill nje ya mji, walikuwa hawasemezani kwa miaka. Kwenye arusi moja, mbele za watu, mama mdogo alisema mama alimtelekeza bibi, mama yao, mpaka akafa, ilhali mama ndiye aliyemuuguza.

Jumamosi iliyofuata mama akavaa koti, akaniambia nimpeleke kwa mdogo wake. Tulipofika alikataa kuingia. Akaketi kwenye kiti cha barazani na baridi ile ya Novemba.

"Dada, ingia, utaganda," mama mdogo alisema, mlango ukiwa nusu wazi.

"Siingii. Na sili kitu mpaka uniambie nilimkosea nini mama yetu."

Mlango ukafungwa. Harufu ya pilau ikatufikia. Niliogopa, maana mama ana presha. Nikambembeleza turudi, akatikisa kichwa tu.

Hatimaye mama mdogo akatoka na blanketi, macho mekundu. "Chakula hakipiti," akasema, akaketi ngazini. "Alipokufa sikuwepo, dada. Wewe ulikuwepo. Hilo ndilo lililoniuma, nikakusingizia."

"Utasema hivyo mbele za watu?"

"Nitasema."

Mama akamfunika naye kwa blanketi lile lile. Ndani mama alikula pilau akaongeza, na mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba, wasinisikie nikilia kwa furaha. Nilirudi mjini peke yangu, kifua chepesi. Mama alibaki kwa mdogo wake. Pasaka, kwenye ukumbi wa kanisa, mama mdogo alisimama akasema.