Kilo Mbili na Robo za Kulusum

Kabla ya kukatwa, Kulusum aliambiwa mambo mengi ya kutegemea, na walioyasema kwa uhakika mkubwa ni wale ambao hawajawahi kulala chini ya kisu. Jirani mmoja alisema atakonda mpaka apeperuke. Mwingine alisema sauti yake itageuka ya kiume. Wa tatu, aliyezaa mara tisa na kwa hiyo aliaminiwa katika mambo yote ya mwili, alisema maziwa yasiyo na pa kukaa hupanda kichwani.

Alikuwa mshonaji wa milaya, yale mashuka meupe yanayotariziwa maua na ndege, ambayo bibi harusi wa Kinubi hakubali kitanda chake kikose. Wake za wakubwa waliokaa katika nyumba za zamani za Arua Hill, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walimletea kazi, wakasubiri miezi mitatu bila kulalamika. Mwaka 1974 alikuwa na miaka thelathini na sita, watoto wanne, mume sajini katika kambi ya mbali kusini, na kifua ambacho mtaa mzima ulikizungumzia kama shamba la jirani lililopata mvua peke yake. Mungu amempa, walisema. Hakuna aliyeuliza kama aliyepewa anaweza kubeba.

Mikanda ya sidiria ilikuwa imemchimbia mitaro mabegani. Ngozi ya chini ya matiti ilichubuka kila kiangazi, ikalowa, ikauma. Lakini hayo yote angeyavumilia, kama wanawake wanavyovumilia. Kilichomvunja ni vidole. Akiinama juu ya kitambaa kwa saa moja, shingo iliwaka moto na mkono wa kulia ukafa ganzi, sindano ikamponyoka bila yeye kuhisi. Alijua imeanguka pale tu alipoikanyaga.

Mumewe, Sajini Tahiru, alipokuwa likizo aliona mkewe anachezea bahati. “Watu wanatamani, wewe unalia,” alimwambia.

“Basi chukua wewe. Beba mpaka kambini, halafu andikia mimi barua kwa mkono huo huo.”

Rosa Kiden ndiye aliyemwambia kuhusu hospitali. Rosa alikuwa Mkristo wa Koboko, mchuuzi wa vitenge aliyevuka mpaka mara nyingi kuliko mvua. Ng’ambo ya mpaka wa Vurra, katika nchi ambayo serikali yake iliitaka iitwe Zaire na sisi tukaendelea kuiita Kongo, palikuwa na hospitali ya misheni na daktari mzee aliyepunguza matiti. Kwetu Uganda madaktari waliojua kazi hiyo walikuwa wameshafukuzwa au kukimbia.

Wakaenda. Barabarani, kama kawaida, kila mwenye kofia alimtazama Kulusum kifuani akaona sukari. Miaka ile ya magendo watu walificha kila kitu kila mahali, na mwanamke mwenye kifua kile hakuhesabiwa kuwa ni mwanamke bali ghala.

“Mama, hapo iko kilo ngapi?” aliulizwa.

“Iko zote. Watoto wanne wamekula, na bado.”

Daktari alikuwa mtu wa kwanza kumwambia ukweli, na aliusema taratibu, kama fundi anayemweleza mwenye nyumba jinsi atakavyobomoa ukuta. Atalala usingizi wa dawa kwa muda wa saa nne. Daktari atakata kuzunguka chuchu, kisha mstari kushuka chini, kisha mwingine kando ya mkunjo wa titi, na chuchu zitapandishwa juu. Makovu hayo yatabaki. Mwaka wa kwanza yatakuwa mekundu, baadaye yatafifia, lakini hayatafutika. Huenda asihisi tena chuchu. Huenda asiweze tena kunyonyesha. Atawekewa mipira miwili midogo ubavuni ya kutoa damu na maji, kwa siku kadhaa. Atavimba, na umbo litakuwa la ajabu kwanza, moja juu, moja chini, kabla ya kutulia. Atalala chali. Kwa wiki sita hatainua mtoto, mtungi wala mikono yake juu ya kichwa.

“Na vidole?” Kulusum aliuliza.

“Vidole siahidi. Natarajia vitarudi.”

Kati ya wote waliomwambia la kutegemea, huyo peke yake ndiye aliyesema “siahidi”. Kulusum akamwamini papo hapo. Lakini hospitali ilitaka barua ya mume.

Sajini Tahiru hakufanya jambo kubwa bila kumuuliza mama yake, na mama yake, Bibi Medina wa Koboko, alikuwa na msimamo uliotokana na mguu. Baba yake, askari wa zamani, alikatwa mguu akiwa bado na nguvu. Wakauosha, wakauvika sanda, wakauzika Koboko na kusoma dua. Mzee aliishi miaka kumi na moja zaidi akiutembelea kila Ijumaa kwa gongo, na alipokufa akalazwa kando yake. Katika ukoo ule mtu alizikwa kidogo kidogo, lakini alizikwa wote.

“Akatwe kama anataka kukatwa,” Bibi Medina alisema. “Lakini mwili wa mke wa mwanangu hautupwi kwa mbwa wa Kongo. Uje hapa, alale karibu na babu.”

Barua ikafika kutoka kambini. Sajini alikuwa ameipiga mhuri wa kombania, sijui kwa ruhusa ya nani. *Nimekubali. Kitakachokatwa kizikwe nchini mwetu. Kikizikwa Kongo, wewe umeachika. Nitakuja likizo kwa mazishi.* Waliporudi hospitalini, daktari alisomewa barua hiyo na Rosa, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Katika miaka thelathini ya kukata watu, alisema, hii ni mara ya kwanza mgonjwa wake kutegemewa kuhudhuria mazishi yake mwenyewe.

Alikatwa siku ya Jumanne. Yakawa kama alivyoambiwa, hata mipira miwili, hata lile umbo la ajabu. Maumivu yalikuwa makali kwa siku tatu, kisha yakawa ya kuvuta, kama mshono uliokazwa mno. Na kazi ya mshono aliijua. Siku ya nne aliketi kitandani, akashangaa. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa msichana, alikuwa ameketi wima bila kujikumbusha. Muuguzi Santina alimkuta anaguna peke yake.

“Mama, munalia?”

“Hapana. Natafuta uzito. Nimezoea kuwa nao.”

Uzito ulikuwa katika kopo la samli, ndani ya dawa ya kuhifadhi, mfuniko ukiwa umechomelewa kwa lehemu na fundi wa hospitali ili usivuje. Kilo mbili na robo; daktari alipima. Siku ya kumi na mbili, mipira ikiwa imeshatolewa na vidonda vimefunga, Rosa alilibeba kopo hilo kwenye kikapu na wakaanza safari ya kurudi.

Kwenye forodha pengine wasingesumbuliwa. Lakini lori lao liliharibika kabla ya mpaka, na Rosa, aliyejua njia zote, akampitisha kwenye kinjia cha migombani. Huko ndiko alikokuwa Ocama. Ocama hakuwa mtu wa forodha wala askari. Alikuwa na kamba. Aliifunga kwenye mgomba mmoja asubuhi na kuishika ncha ya pili, akavaa kofia, na aliyetaka kupita aliacha kitu.

Akainua kopo. Dogo, zito, limechomelewa. Macho yake yakang’aa.

“Mama, hii iko zahabu.”

“Hii iko matiti yangu,” Kulusum alisema.

Ocama alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. “Mimi nasikia yote katika njia hii! Kahawa ndani ya godoro, nasikia. Sabuni ndani ya mkate, nasikia. Matiti!”

“Baba, ni kweli,” Rosa alisema. “Tazama bandeji.”

“Naona bandeji. Huko iko zahabu ingine. Hiyo naachia mama, kwa sababu mimi iko mutu ya heshima.”

Akaondoka na kopo migombani. Kulusum alikuwa amesema kweli tupu, na kweli tupu ilikuwa bidhaa pekee isiyokuwa na mnunuzi katika njia ile. Hakuruhusiwa kukimbia, wala kuvutana na mtu. Alisimama mikono ikiwa imebanwa kifuani, kama daktari alivyoagiza, akatazama mgongo wa Ocama ukiondoka na ndoa yake.

Zilibaki siku nane kabla ya Sajini kufika. Zilikuwa siku njema kuliko zote na mbaya kuliko zote. Siku ya pili nyumbani Arua alichukua sindano kwa kujaribu tu. Akaiingiza uzi mara moja. Alitarizi jani, kisha jani la pili, kisha mkia mzima wa ndege, na saa ikapita, na vidole vilikuwa bado ni vyake. Akainamisha kichwa juu ya yule ndege akalia. Jirani aliyezaa mara tisa akasema si mliona, maziwa yameanza kupanda.

Kutoka Koboko habari zikaja kwamba Bibi Medina ameshanunua sanda na kuchagua mahali, upande wa kushoto wa mguu.

“Sikiliza,” Rosa alimwambia. “Nanunua nyama ya ng’ombe kilo mbili na robo. Napata kopo. Fundi wa lehemu iko sokoni. Nani atafungua? Wanazika, wanakula pilau, imekwisha.”

Kulusum aliwaza jambo hilo siku nzima. Mwisho akatikisa kichwa. “Kama yangu imetupwa Kongo, mimi nimeachika, hata kama hakuna mtu anajua. Nitalala na mwanaume miaka ishirini kwa ndoa ya nyama ya ng’ombe? Siku ya kiama atasimama ng’ombe kudai mume.” Akakunja shuka lake. “Rudi kwa yule mwenye kamba. Uliza tu iko wapi. Nitamwambia Tahiru yote, lakini nataka kujua nasema nini.”

Rosa alikwenda, akarudi siku ya pili, akaketi bila kuvua viatu.

Ocama alikuwa amelifungua kopo kwa panga, peke yake, mlango ukiwa umefungwa asije mtu kudai fungu. Tangu siku hiyo hakula nyama. Kamba alikuwa ameitoa, na mbuzi wake alikuwa amefungwa nayo. Hakujua alichokiona kilikatwa na nani wala kwa nini. Alijua tu kwamba mwanamke yule alimwambia, naye akacheka. Akachimba shimo migombani, akalizika kopo, akasoma sala zote alizozikumbuka, na juu yake akasimika msalaba wa mti wa kahawa.

“Migomba hiyo iko wapi?” Kulusum aliuliza. “Uganda au Kongo?”

Rosa alifungua mikono. “Ocama mwenyewe hapana jua. Anasema inategemea nani anauliza.”

Hivyo Sajini Tahiru alipofika likizo na sare yake iliyopigwa pasi, akaambiwa yote, hakwenda Koboko. Alikwenda Vurra, pamoja na mama yake aliyekuwa amebeba sanda, shehe mmoja, Rosa, na Kulusum aliyetembea nyuma, wima. Ocama aliwapokea kofia mkononi.

Bibi Medina alisimama mbele ya kaburi. “Hii nani amesimika?” akauliza, akinyoosha kidole kwenye msalaba.

“Mama, ni mimi,” Ocama alisema. “Sikujua dini yake. Matiti hayakusema.”

Shehe alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Kisha akasema kwamba suala la msalaba ni jepesi, utang’olewa. Suala la talaka ni zito, na linategemea jiwe. Jiwe la mpaka lilipatikana kwenye majani, limeinama, limeota ukungu. Sajini Tahiru alisimama penye kaburi, akageukia Kongo, akapiga hatua hadi kwenye jiwe kwa mwendo wa gwaride huku shehe akihesabu kwa sauti. Kulusum hakutazama miguu ya mumewe. Alitazama uso wake, na aliona, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, kwamba sajini anaogopa. Kila hatua aliirefusha kadiri alivyoweza, kana kwamba urefu wa mguu ungeisogeza Kongo mbali.

“Kumi na mbili,” shehe alisema. “Kaburi liko upande huu, Uganda. Mke ni wako.”

Sajini akafuta jasho. Bibi Medina hakuridhika, maana babu atabaki peke yake Koboko, lakini alitandika sanda juu ya udongo, dua ikasomwa. Ocama akaomba apewe ule msalaba. Kaburi la mama yake mwenyewe halikuwa nao.

Miaka mitano baadaye vita vilipanda kutoka kusini, na nusu ya mtaa wetu ikakimbilia Kongo. Sajini Tahiru alikuwa ametangulia, bila sare. Kulusum alifuata na kichwa cha cherehani kichwani, mikono yote miwili imeinuliwa kukishika, shingo imenyooka. Watu walishangaa nguvu zake. Migombani aliiacha njia, akaweka cherehani chini, akang’oa majani juu ya kaburi lake, kisha akatembea hadi kwenye jiwe akihesabu. Kwa hatua za mwanamke zilikuwa kumi na tisa.

Sajini alikufa kwa malaria kabla mwaka haujaisha, akazikwa ng’ambo, chini ya mti usio na jina kwa lugha yetu. Kulusum aliikata sanda mwenyewe, mkono haukufa ganzi. Ile barua yenye mhuri alikuwa nayo bado ndani ya kikapu cha nyuzi. Siku hiyo aliisoma tena, mbele na nyuma, akitafuta inasemaje kuhusu mume anayezikwa Kongo. Haikusema kitu. Akaikunja, akairudisha kikapuni, akaingiza uzi kwenye sindano.