Jina la Mama Virginia

Runji alikuwa seremala wa Majimbo, mjini Embu, na kama si gitaa angejulikana kwa vitanda tu. Vitanda vyake havikupiga kelele, jambo ambalo wateja walilisifu kwa sauti ya chini.

Mwaka wa 1974 alitunga wimbo wa kumbembeleza Virginia, binti wa Manyatta aliyekuwa chuo cha ualimu kule Meru. Akaupeleka Nairobi kurekodiwa. Mwenye studio alisikiliza, akakuna kichwa.

"Wimbo ni mtamu, lakini hilo jina ni la kanisani. Weka jina la nyumbani, watu waimbe."

Muda wa studio ulikuwa unayoyoma. Runji akachukua jina la kwanza lililomjia, Wawira, maana kwao Embu akina Wawira ni wengi kuliko migomba.

Wimbo ukavuma. Redio iliupiga asubuhi na jioni, wachuma kahawa wakauimba, harusi za Gachoka zikauchezea. Runji alivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Kisha ikaja barua ya Virginia kutoka chuoni, mistari miwili tu: "Wawira ni jina la mama yangu. Umemwimbia nani?"

Runji akaketi juu ya mbao zake. Miaka miwili aliyozoea kwenda kwa akina Virginia hakuwahi kulisikia jina lile. Majirani, waumini, hata mumewe, wote walimwita Mama Virginia. Na kwa desturi mkwe halitamki jina la mama mkwe wake, sembuse kumwita mpenzi mbele ya nchi nzima. Aliiona posa yake imekufa kabla ya kuzaliwa, na alimpenda msichana yule kweli kweli.

Alikwenda hata hivyo, yeye na mjomba wake Kithaka, gitaa mgongoni, maana alinuia kulitoa liwe faini. Hezekiah, baba yake Virginia na mzee wa kanisa, aliwapa viti. Chai hakuwapa.

"Bibi yangu ameitwa mpenzi kwa redio," alisema. "Mpaka Isiolo wamesikia. Sasa huyu nimuite mwanangu?"

"Mzee, hakujua," Kithaka alisema. "Angejulia wapi? Si hata wewe unamuita Mama Virginia."

Ndipo mke wa Hezekiah akatoka jikoni, akasimama mlangoni akijipangusa mikono.

"Baba Virginia, mimi niliusikia kwa faktori, nikiwa kwa laini ya kupimiwa kahawa yangu. Karibu niitike. Tangu mama yangu azikwe, hakuna mtu ameniita hilo jina." Akamgeukia Kithaka. "Mbuzi za posa zimeshaingia hapa?"

"Bado, mama."

"Basi leo huyu si mkwe. Akishaoa Virginia hataweza kuniita tena. Wacha aimbe."

Hezekiah alitazama miguu yake, hakukataza. Runji akalishusha gitaa. Akauimba wote, na kila alipofika penye jina, mama yule aliitika polepole, "Ii," kama mtu aliyeitwa kutoka shambani.

Wiki iliyofuata mbuzi wa kwanza wakaingia. Runji hajauimba tena wimbo ule tangu siku hiyo, na wengine husema anaringa. Ukimwomba, atakujibu kwamba wimbo una mwenyewe, na alishampa.